Tezi ya Sita

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, nyumba ya Babu Remigio hunukia kitunguu saumu tangu asubuhi, na sisi majirani hatuulizi kitu. Tunajua fidla zinatengenezwa. Mgeni angedhani mzee amefungua karakana ya muziki, lakini fidla za bonde letu hazina nyuzi. Ni mapaja ya mbuzi yanayotiwa chumvi, pilipili manga na matunda ya mreteni, kisha yakatundikwa katika kroto, lile ghala la pangoni ambalo mwamba wake hupumua hewa baridi mwaka mzima. Paja likishakauka, mkataji huliegemeza begani, akashika kwato kwa mkono mmoja, na kisu kikapita juu yake taratibu kama upinde. Jina likatoka hapo.

Mwaka ninaousimulia, Ersilia, mjukuu wake, alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Alikuwa mtoto mchapakazi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa watoto wachapakazi: hakupenda kuonekana ameshindwa. Alikuwa amemwomba babu yake tangu kiangazi ampe kazi ya kutoa tezi, na babu, ambaye mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumtia ukungu machoni, alikubali.

Juu ya meza ya jikoni yalilazwa mapaja sita ya nyuma, ya mbuzi watatu. Babu alivuta la kwanza karibu na dirisha.

“Tazama hapa, mjukuu wangu. Huu utando mweupe unauona?”

“Nauona, babu. Kama karatasi ya nailoni.”

“Ndiyo shati la msuli. Kila msuli mguuni umevaa lake, na kati ya shati na shati kuna njia. Ukipita njiani, nyama inafunguka yenyewe kwa kidole gumba. Ukiona unakata nyama kwa nguvu, ujue umepotea. Rudi nyuma, tafuta utando.”

Akaligeuza paja, akaonyesha upande wa ndani, palipopita mishipa miwili sambamba, mmoja mgumu kidogo na mwingine laini. “Huu mgumu ulikuwa ukiteremsha damu kutoka moyoni. Huu laini ulikuwa ukiirudisha. Damu ikibaki humu, chumvi yote ya duniani haitatusaidia.” Akaikandamiza kwa vidole gumba kuanzia gotini kwenda juu, kama anayekamua, hadi tone la mwisho jeusi likatoka.

“Na tezi?”

“Tezi imejificha nyuma ya goti, ndani ya mafuta, katikati ya misuli miwili. Kubwa kama haragwe, ya kijivu. Fuata utando, utaipata. Mbuzi akiwa hai, taka za mguuni hupitia hapo. Ukiiacha, paja litaoza kuanzia ndani, kwenye mfupa, na nje litakuwa linang'aa vizuri tu. Utakuja kujua siku ya kulikata, wageni wakiwa mezani.”

Wageni aliowasema walikuwa wa harusi. Mama mdogo Ornella, binti yake wa mwisho, angeolewa wiki moja baada ya Pasaka, na fidla zote sita zilikuwa za meza hiyo. Babu alikuwa ametengeneza fidla kwa miaka arobaini na mmoja bila kuozesha hata moja. Hakuwa mtu wa majivuno, lakini hilo alipenda kulitaja, hasa fundi wa kijiji cha pili akiwa karibu.

“Mambo mawili,” alisema akivaa koti. “Mwenye jeraha hagusi nyama. Na kila tezi iweke kwenye kisahani, nizihesabu. Miguu sita, tezi sita. Mimi nakwenda kuleta chumvi.”

Ersilia alianza vizuri. Paja la kwanza lilimchukua nusu saa, la pili dakika ishirini. Utando ulikuwa ukiachana chini ya kidole chake kama maganda ya kitunguu, na kila tezi ilipotokea katika mafuta meupe alijisikia daktari kabisa. Lakini nje theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku, na watoto wote wa kijiji walikuwa mtelemkoni nyuma ya kanisa. Kaka yake mdogo, Tobia, mwenye miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini, alibandika pua kwenye kioo cha dirisha.

“Daktari, mgonjwa hajafa bado?”

“Nenda zako.”

“Nakwenda. Theluji inakwenda pia. Ukimaliza hapo Krismasi utanikuta nakunywa maziwa ya moto.”

Paja la tano Ersilia alilifanya mbio. La sita alilifanya vibaya. Aliuona utando, akaona ni mrefu mno kuufuata, akachukua kisu akakata nyama kwa mkato ili afike upesi. Kisu kiliteleza kwenye mafuta, kikampata kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Hakikuwa kidonda kikubwa. Alikifunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo, akafuta damu mezani na kwenye paja, akaendelea kutafuta. Tezi hakuiona. Palikuwa na mafuta, nyama iliyochanika, na kidole kinachopwita. Akafikiria kumngoja babu amwambie. Akamfikiria na Tobia, ambaye tangu juzi alikuwa akisema watu wahesabu vidole vya dada yake kabla na baada ya kazi.

Katika kisahani palikuwa na tezi tano, na ile ya tano ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Ersilia aliikata katikati. Akavizungusha vile vipande viwili katika mafuta kidogo mpaka vikawa duara. Sasa zilikuwa sita.

Babu aliporudi na chumvi, Ersilia alificha mkono wa kushoto mgongoni. Babu alikisogeza kisahani karibu na macho, akagusa kila kimoja kwa ncha ya kidole. “Sita,” alisema. “Sasa nina fundi nyumbani.” Akambusu utosini, akazitupa zote jikoni motoni. Sifa ile ilimchoma Ersilia kuliko kisu, lakini theluji ilikuwa ikimngoja. Akavaa glavu, akatoka.

Mchana walitia chumvi. Kila paja hupakwa kwa mikono, likisuguliwa mpaka chumvi iingie kila kona. Ersilia alivua kile kitambaa ili asigundulike, akasugua mapaja sita kwa kidole gumba kilichokatwa, na anayejua chumvi inavyoongea na kidonda anaweza kumhurumia.

“Mbona unalia?” Tobia aliuliza.

“Vitunguu saumu.”

“Vitunguu saumu haviwalizi watu. Vinavyoliza ni vitunguu maji.”

“Hivi ni vikali.”

Mapaja yakalazwa katika hori la jiwe ndani ya kroto, yakafunikwa chumvi, na mlango ukafungwa.

Jumapili kidole kilivimba. Jumatatu shuleni Ersilia hakuvua glavu ya kushoto, akamwambia mwalimu ana baridi. Jumanne asubuhi aliamka mwili ukimtetemeka, na alipojaribu kuinua mkono ili avae sweta, kwapa lilimuuma kama limechomekwa jiwe. Alipokunja mkono wa gauni la kulalia aliona mstari mwekundu umetoka kwenye kifundo cha mkono, ukapita upande wa ndani, umefika karibu na kiwiko. Aliogopa sana. Alishusha mkono wa gauni haraka, lakini Tobia alikuwa mlangoni, na safari hii hakutania. Aligeuka akakimbia jikoni.

“Mama, njoo. Ersilia ana njia nyekundu mkononi.”

Mama alitazama mara moja tu. Baba alikuwa kazini ng'ambo ya mpaka hadi Ijumaa, kwa hiyo mama alimfunga Ersilia blanketi, akamwingiza garini yeye mwenyewe, na kuteremka naye mjini Chiavenna kwa daktari. Njia nzima hakumgombeza, jambo lililomtisha Ersilia zaidi. Alisema maneno machache tu.

“Siku ngapi?”

“Tatu, mama.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakusema kwa kupenda kusema.”

Daktari Pedretti alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya baridi na sauti ya uvuguvugu. Alikitazama kidole, akabonyeza kiwiko, kisha akaingiza vidole kwapani polepole.

“Aha. Umeota mtoki. Unaujua mtoki ni nini?”

“Uvimbe.”

“Uvimbe wa nini?” Daktari alichukua kalamu, akaukunjua mkono wa Ersilia juu ya mto. “Sikiliza. Damu inakuja mkononi kwa ateri na kurudi moyoni kwa vena. Lakini maji kidogo ya damu huvujia kwenye nyama. Maji hayo yanaitwa limfu, na yana vijimfereji vyake, vyembamba kuliko uzi, vinavyopanda hivi, kutoka vidoleni mpaka kwapani. Mguuni pia vipo, vinapanda mpaka nyuma ya goti na kwenye kinena. Kidonda kikiingia uchafu, vijidudu hupanda na limfu. Huu mstari mwekundu ndiyo njia waliyopita.”

“Watafika moyoni?”

“Ndipo tezi zinapokuja. Zimekaa njiani kama walinzi wa lango. Hii ya kwapani imewashika, inapigana nao, na ndiyo maana imevimba. Taka zote za mkono wako sasa hivi zimo humo. Ungekaa siku mbili nyingine bila dawa, lango lingevunjwa na ungelala hospitali.” Akachora alama kwa kalamu mahali mstari mwekundu ulipoishia. “Mama yake, mstari ukipita hapa leo jioni, mnarudi mara moja hata kama tumefunga, mnapiga simu. Na wewe, meza dawa zote mpaka ya mwisho, hata ukipona kesho. Ulijikata na nini?”

“Kisu cha mbuzi.”

“Nyama mbichi. Ukakiosha kidonda?”

“Nilikifunga.”

“Kufunga si kuosha,” alisema daktari, akakisafisha mpaka Ersilia akaona nyota mchana.

Walipokuwa wakipanda mlima kurudi, Ersilia alitazama nje na hakuona kitu. Maneno ya daktari yalikuwa yakizunguka kichwani. Taka zote za mkono zimo humo. Basi na ile tezi ya mbuzi, ndani ya paja la sita, chini ya chumvi, ilikuwa na taka zake. Ilikuwa siku ya tatu. Paja lilikuwa likiumwa kama yeye, tena lenyewe halikuwa na mdomo wa kumwita mama.

“Mama, nipeleke kwa babu kwanza.”

“Kitandani kwanza.”

“Mama, nakuomba. Nikilala sitasema tena.”

Mama alimtazama, akageuza gari.

Babu alikuwa ameketi karibu na jiko akimenya viazi pamoja na Tobia, aliyeachwa kwake tangu asubuhi. Ersilia alisimama mbele yake na mkono ukiwa umeninginizwa kwa kitambaa shingoni, akasema yote kwa pumzi moja: kisu, kidole, damu, chumvi, na tezi ya tano aliyoikata mara mbili. Alipomaliza alikuwa akilia, na safari hii hakuvisingizia vitunguu.

Babu aliweka kiazi chini.

“Nilizigusa moja moja,” alisema. “Ingekuwa fundi wa kijiji cha pili ndiye aliyenipa kisahani kile, ningezipasua nione ndani. Zako nilizihesabu kwa imani.”

Ersilia angependelea achapwe.

“Ni lipi?” babu aliuliza.

“Sijui. Yote yanafanana.”

“Hayafanani. Matano yamefunguliwa na moja limekatwa. Twende. Tobia, chukua taa.”

Ndani ya kroto kulikuwa na ubaridi wa kawaida, na harufu ya chumvi na mreteni. Babu alianza kufuta chumvi nyuma ya goti la kila paja, akipapasa kwa vidole. La kwanza, la pili, la tatu: misuli ilikuwa imeachana safi, kila mmoja na shati lake. Alipofika kwenye la nne katika safu, mkono wake ulisimama.

“Hapa mtu amelima na ng'ombe.”

Ersilia alinyoosha mkono wake mzima. Babu akauzuia.

“Mwenye jeraha hagusi nyama. Ulivunja sheria hii mara moja, inatosha. Na macho yangu hayafai kwa kazi hii.” Akageuka. “Tobia, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.”

Tobia alitoa macho. “Mimi? Mimi sijui.”

“Dada yako anajua. Atakuongoza.”

Basi Ersilia alishika taa kwa mkono wa kulia, akainama karibu na kaka yake, na Tobia, aliyenyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaingiza kidole gumba katika paja.

“Hapo ulipo ni kwenye mkato wangu, toka,” alisema Ersilia. “Nenda juu kidogo. Unaona kitu cheupe chembamba?”

“Kama gundi iliyokauka.”

“Ndiyo utando. Usiutoboe, usukume. Pita pembeni yake.”

“Unakwama.”

“Rudi nyuma kidogo. Polepole. Utaachia wenyewe.”

“Umeachia,” Tobia alinong'ona. “Kuna mafuta.”

“Bonyeza mafuta. Tafuta kigumu.”

Mwamba ulipumua. Kisha Tobia akatoa mkono, na katikati ya vidole vyake palikuwa na haragwe la kijivu, bichi, lililoanza kuwa laini upande mmoja.

Babu alilichukua, akalipasua kwa kisu, akalinusa. Hakusema harufu ilikuwaje. Wakayatoa mapaja yote sita, kwa sababu kidole kile kilikuwa kimeyagusa yote, wakayaosha upya kwa divai na kutia chumvi mpya. Ersilia aliambiwa akae kwenye kigoda atazame. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko anavyoweza kuifikiria mtu asiyependa kazi. Mwishoni babu alifunga uzi mwekundu kwenye kwato la paja lile, la sita la Ersilia.

“Limepona, babu?”

“Sijui. Siku tatu ni nyingi. Tutajua siku ya harusi. Kama limeoza, nitasimama niwaambie wageni limeoza, na miaka arobaini na mmoja itakuwa imeisha. Sasa nenda ukalale.”

Jioni ile mstari mwekundu haukuvuka alama ya kalamu. Siku mbili baadaye ulififia, na wiki iliyofuata mtoki ulinywea. Ersilia alimeza dawa mpaka ya mwisho. Lakini uzi mwekundu haukumtoka akilini. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwenye kroto, akasimama chini ya mapaja sita yaliyotundikwa, akalinusa la sita kwa nje, ingawa alijua kwa nje halisemi kitu. Tobia alidai siku moja alimkuta akilisalimia. Ersilia alikana, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Harusi ya mama mdogo Ornella ilifanyika uani, jua likiwaka na theluji ya mwisho ikitiririka mtaroni. Kulikuwa na polenta, ule ugali wetu wa mahindi, jibini, na watu kama sabini, pamoja na yule fundi wa kijiji cha pili, aliyeketi mbele kabisa. Desturi yetu inajulikana: fidla ikishaanza kukatwa mezani, inapita mkono kwa mkono na haishuki mpaka ibaki mifupa. Ndiyo maana hakuna anayeanza kukata kabla sindano haijapita.

Babu alitoa sindano yake ya mfupa wa farasi. Akaichoma katika paja la kwanza, karibu na mfupa, akaivuta, akainusa, akatikisa kichwa kukubali. La pili. La tatu. La nne. La tano. Kisha akashika lile lenye uzi mwekundu.

Akaichoma sindano nyuma ya goti hasa, ikazama mpaka kwenye mfupa. Akaivuta. Akainusa. Akainusa tena. Kisha, badala ya kutikisa kichwa, akanyoosha mkono.

“Ersilia. Njoo.”

Alikwenda. Babu alimshikisha sindano, naye akaileta puani akiwa amefumba macho. Alingoja harufu ya ile siku. Ikaja harufu ya mreteni, ya kitunguu saumu, ya mwamba.

“Inanukia vizuri,” alisema, akamrudishia sindano.

“Inanukia vizuri,” babu alirudia kwa sauti ya kufika mpaka kwa fundi wa kijiji cha pili. “Arobaini na miwili.”

Watu walipiga makofi bila kujua hasa wanashangilia nini. Babu alimwinamia mjukuu wake, akasema kwa sauti ya chini, yeye na Tobia tu wasikie.

“Usidhani ni chumvi iliyoliponya paja hili. Chumvi lilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na ndani lilikuwa likioza. Liliponywa Jumanne, uliposimama mbele yangu ukasema. Mkono wako pia uliponywa siku hiyo hiyo, ila ni Tobia aliyesema kwa ajili yako. Mwili una tezi za kukamata uchafu, mjukuu wangu, lakini nazo zina kiasi chake. Kilichofichwa ndani hakitulii. Kosa utalifanya tena, wewe ni mtu. Ukilifanya, liseme lingali dogo kama haragwe.”

“Ndiyo, babu.”

“Na kidonda je?” aliuliza Tobia kwa mdomo uliojaa polenta.

“Kioshwe kwanza,” alisema Ersilia, “halafu mama aambiwe.”

Babu alicheka. Akaweka paja la sita juu ya bega la kushoto la Ersilia, akamshikisha kwato, na kisu akampa mkono wa kulia. Kovu la kidole gumba lilionekana jeupe juani. Ersilia alikata kipande cha kwanza, chembamba mpaka mwanga ukapita, akampa bibi harusi.

“Novemba,” babu alisema akikifuta kwa shati lake kile kisahani cha tezi, ambacho leo kilikuwa kimebeba jibini, “utaniwekea humu tezi sita. Nami sitazihesabu.”